Jina Daftarini, Mama Langoni

Ndugu walimu, hakuna kazi ya shule ionekanayo kavu kuliko ile ya kuandikisha wanafunzi wapya. Kila mwanzo wa mwaka twafungua daftari kubwa, twapiga mistari, twaandika nambari, jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi na kazi yake, shule atokayo mtoto na siku aliyopokewa. Kisha twalifunga daftari na kwenda darasani, tukidhani kwamba mambo yenyewe ndiyo kwanza yaanza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo yamekwisha kuanza pale pale mezani, kalamu ilipokuwa ikitembea juu ya karatasi. Na kwamba waandishi wawili wa Welisi, nchi ndogo inayopakana na Uingereza kwa upande wa magharibi, waliliona hilo na kuliandika, kila mmoja kwa njia yake.

Waandishi hao ni Kate Roberts, aliyeishi tangu 1891 hadi 1985, na Emlyn Williams, aliyezaliwa 1905 na kufariki 1987. Wote wawili walizaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Wote wawili walinyonya Kiwelisi pamoja na maziwa ya mama. Na wote wawili majina yao yaliingizwa katika daftari la shule ya sekondari ya kaunti: Kate Roberts mjini Caernarfon mwaka 1904, Emlyn Williams mjini Holywell mwaka 1916. Wa kwanza aliandika riwaya kwa Kiwelisi, Traed mewn Cyffion, iliyochapishwa 1936. Jina hilo maana yake ni ‘Miguu Katika Mkatale’, nalo humkumbusha msomaji wa Biblia malalamiko ya Ayubu. Wa pili aliandika tamthilia kwa Kiingereza, The Corn Is Green, yaani ‘Ngano Ingali Mbichi’, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1938.

Kazi hizi mbili zatoka katika kizazi kimoja na zahusu jambo moja: mtoto wa maskini anayefunguliwa mlango wa elimu ya juu. Hata hivyo hazifanani. Katika kuzihakiki nitashika swali moja tu, nalo ni hili: mwandishi anamketisha msomaji wapi? Je, anamketisha nyuma ya meza ya mwalimu, au anamsimamisha langoni pamoja na mzazi aliyemleta mtoto?

Usuli wa shule zenyewe

Msomaji hataonja kazi hizi sawasawa asipojua shule hizo zilikuwa za namna gani. Mwaka 1847 tume ya Serikali ilitoa taarifa juu ya elimu katika Welisi. Makamishna wake watatu walikuwa Waingereza wasiojua lugha ya nchi, nao waliandika kwamba Kiwelisi ni kizuizi cha maendeleo na chanzo cha upungufu wa maadili. Wawelisi waliumia sana, na hata leo taarifa hiyo wanaiita Usaliti wa Vitabu vya Buluu. Katika shule kadhaa za karne ile ya 19 palikuwa na kipande cha ubao kilichochongwa herufi mbili za kukataza Kiwelisi. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa shingoni, naye alikivua kwa kumvisha mwenzake atakayemnasa akifanya kosa lile lile. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Owen M. Edwards, ambaye mwaka 1907 alikuja kuwa mkaguzi mkuu wa shule za Welisi, alivishwa ubao huo alipokuwa mtoto kijijini Llanuwchllyn, na ameeleza uchungu wake katika kumbukumbu alizozitoa 1906.

Sheria ya mwaka 1889 ndiyo iliyoleta shule za sekondari za kaunti. Nyingine zilianzishwa upya, nyingine zilikuwa shule kongwe za sarufi zilizoingizwa katika mpango huo. Nazo ziliitwa za sarufi kwa sababu sarufi ya Kilatini ilikuwa nguzo ya masomo yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa zimezidi tisini. Zilipokea wavulana na wasichana pia, jambo ambalo Welisi yastahili kusifiwa kwalo. Karo ililipwa, lakini sehemu ya nafasi ilitengwa kwa watoto walioshinda mtihani kutoka shule za msingi; na kanuni ya mwaka 1907 ilizitaka shule za sekondari zilizopata ruzuku ya Serikali zitoe robo ya nafasi zake bila karo. Tangu 1896 palikuwa na bodi moja ya nchi nzima ya kuzikagua na kuzitahini. Basi haya yalikuwa mafanikio makubwa ya taifa dogo, na wazazi wengi walitoa senti zao kuyajenga.

Lakini shule hizo zilifundisha kwa Kiingereza. Sensa ya 1901 ilionyesha kwamba karibu nusu ya watu wa Welisi walisema Kiwelisi, na katika kaunti za kaskazini-magharibi, ambako Kate Roberts alizaliwa, ilikuwa ndiyo lugha ya karibu kila nyumba. Mtoto aliyepita mlango wa shule ya Caernarfon aliiacha lugha yake nje pamoja na koti la mvua. Ubao wa shingoni ulikuwa umekwisha kutoweka, haukuhitajika tena.

Daftari la uandikishaji la shule hizo lina safu ambazo mwalimu wa leo angezitambua mara moja. Pana nambari, jina, tarehe ya kuzaliwa, jina na kazi ya mzazi, shule ya awali, kama mtoto analipa karo au amesamehewa. Na mwisho kabisa, siku aliyoondoka na kazi aliyoiendea. Katika safu ya kazi ya mzazi husomeka mchimba mawe, mchimba makaa, mkulima, muuza duka. Katika safu ya mwisho husomeka karani, mwalimu, chuo kikuu. Safu hizo hazikuuliza mtoto anazungumza na mama yake kwa lugha gani. Baina ya ile kazi ya mzazi na ile ya mtoto pana shubiri moja ya karatasi tupu, na riwaya ya Kate Roberts imejengwa ndani ya shubiri hiyo.

Tamthilia ya Emlyn Williams

Tuanze na tamthilia, kwa kuwa ndiyo maarufu zaidi. Bibi Moffat, mwanamke msomi asiye na mume, anatoka Uingereza na kurithi nyumba katika kijiji cha wachimba makaa. Anakuta wavulana wanaingizwa mgodini wakiwa wadogo, hawajui kusoma. Anaazimia kufungua shule. Mwenye ardhi wa mahali pale anampinga, na bibi huyu amekaribia kukata tamaa anapoikuta insha ya kijana Morgan Evans, iliyojaa makosa ya hijai lakini yenye cheche ya fikra. Kuanzia hapo anamfundisha kwa miaka miwili hata akamfikisha kwenye mtihani wa kuingia Oxford. Morgan anaasi katikati ya safari, maana wenziwe wanamcheka kwamba amekuwa kijibwa cha mwalimu. Kisha Bessie, binti wa mtumishi, anatokea na habari kwamba amezaa mtoto wa Morgan. Bibi Moffat anamchukua mtoto yule amlee yeye, ili Morgan aende zake Oxford.

Hii ni tamthilia iliyofumwa vizuri. Kila onyesho lina jambo linalosubiriwa, na mtazamaji hachoki. Pia ina ukweli usiopatikana kwa urahisi vitabuni: furaha ya akili inayoamka. Sisi tufundishao twaijua furaha hiyo, na twajua pia jinsi mwalimu anavyoweza kumpenda mwanafunzi hodari kiasi cha kumfanya awe mali yake. Uasi wa Morgan dhidi ya mfadhili wake ndio sehemu bora ya mchezo, kwa sababu hapo mwandishi anaruhusu swali gumu liulizwe: mtoto huyu anasomeshwa kwa faida ya nani? Emlyn Williams alijua anachokisema. Kule Holywell alikuwapo mwalimu, Bi Sarah Grace Cooke, aliyemwona na kumsukuma mpaka akapata nafasi Oxford mwaka 1923. Tamthilia ni shukrani kwake, na shukrani ni jambo jema.

Hata hivyo, tazameni alivyofanya mwandishi ili shukrani hiyo ikae sawa jukwaani. Morgan ni yatima. Hakuna mama anayemngoja jioni, hakuna baba anayehesabu mshahara atakaoukosa, hakuna mdogo wake atakayevuliwa viatu ili mwingine anunuliwe vitabu. Lakini Emlyn Williams mwenyewe hakuwa yatima. Wazazi wake walikuwa hai alipoingia Holywell, na walikuwa hai alipokwenda Oxford. Ameandika habari zao katika kitabu cha maisha yake, George, kilichotoka 1961. Basi aliwaua wazazi katika tamthilia kwa sababu wangemzuia. Wangekaa kwenye kochi la Bibi Moffat na kuuliza, kwa Kiwelisi, huyo mtoto atarudi lini. Naye mwandishi hakuwa na jibu ambalo lingemwezesha kushusha pazia kwa furaha.

Kiwelisi chenyewe kimo katika mchezo, ila kimo kama pambo. Wavulana huimba na husemezana maneno mawili matatu, na mtazamaji wa London huyapokea kama mandhari. Hapotezi kitu asipoyaelewa. Mwisho mtoto wa Bessie anachukuliwa na mwalimu, na mwandishi anataka tuone ukarimu. Ukarimu upo. Lakini msomaji aliyesimama langoni ataona pia kwamba sasa shule imechukua vizazi viwili vya nyumba moja, na kwamba mama mzazi, yule Bessie asiyependwa na mwandishi, ameondoka jukwaani bila mtu kumwonea huruma.

Riwaya ya Kate Roberts

Kate Roberts alizaliwa Rhosgadfan, kijiji kilichoko mlimani juu ya Caernarfon, baba yake akiwa mchimba mawe. Mawe yenyewe yalikuwa ya sleti, lile jiwe la kijivu lipasukalo kwa tabaka, ambalo watu huezekea nyumba na ambalo zamani lilitengenezewa vibao vya kuandikia shuleni. Kutoka shule ya kaunti alikwenda chuo kikuu cha Bangor, akahitimu 1913, akawa mwalimu wa Kiwelisi katika miji ya kusini. Mwaka 1917 mdogo wake alikufa kwa ajili ya vita, na mwenyewe amesema kwamba msiba huo ndio uliomsukuma kuandika. Riwaya hii ilishinda, kwa kugawana zawadi na nyingine, katika Eisteddfod ya Taifa ya mwaka 1934, yaani mashindano makuu ya kila mwaka ya ushairi, uandishi na uimbaji wa Wawelisi.

Hadithi yaanza mwaka 1880. Jane ameolewa karibuni na Ifan Gruffydd, mchimba sleti mwenye shamba dogo liitwalo Ffridd Felen. Wanapata watoto sita. Mshahara wa machimbo hupanda na kushuka kwa matakwa ya wakubwa, shamba halitoshi kuwalisha, madeni hayaishi. William anafuata baba yake machimboni, kisha anakwenda kusini kwenye makaa ya mawe. Elin anakwenda kufanya kazi katika nyumba za watu. Sioned anageukia mambo ya mjini na kuwaonea haya wazazi wake. Owen anashinda mtihani na kuingia shule ya kaunti, na mdogo wake Twm anamfuata katika njia hiyo ya elimu. Wote wawili wanakuwa walimu wa mshahara mdogo. Vita vya 1914 vinapokuja Twm anajiunga na jeshi, naye anauawa.

Mtu aliyezoea riwaya za matukio makubwa huenda akauliza: kisa kiko wapi? Kisa kimo katika hesabu. Kate Roberts ni mwandishi wa hesabu za nyumbani. Kila hatua ya Owen kwenda juu ina bei, na bei hiyo yalipwa na mtu mwenye jina. Ikiwa yeye yuko darasani, hayuko machimboni. Na asipokuwa machimboni, ndugu mwingine lazima awepo. Hakuna anayelalamika kwa sauti. Mama anajivunia mtoto wake, na mtoto anampenda mama yake, lakini kila mwaka unaopita wanakuwa na maneno machache zaidi ya kuambiana.

Sehemu mbili zatosha kuonyesha umahiri wa mwandishi. Ya kwanza ni siku ya kutoa zawadi shuleni. Owen amefanya vizuri, na mama yake amekuja kushuhudia. Sherehe yote yaendeshwa kwa Kiingereza. Jane ameketi ukumbini kati ya watu wa mjini, mtoto wake anatunzwa, naye hafahamu kinachosemwa. Mwandishi hapandishi sauti hapa. Hamtukani mwalimu mkuu, wala hamfanyi Jane alie. Amwacha tu aketi. Msomaji ndiye anayehisi joto likimpanda usoni.

Ya pili ni barua. Siku moja Jane anapokea karatasi kutoka kwa wakuu wa jeshi. Anaona jina la Twm na nambari yake, na maneno mengine yote ni ya Kiingereza. Ni lazima aondoke nyumbani, akimbie dukani, akamwombe mwenye duka amsomee. Na ndivyo anavyopata habari ya kifo cha mwanawe, kwa kinywa cha mtu mwingine, akiwa amesimama dukani. Tukumbuke kwamba watu wa hali ya Jane hawakuwa wajinga wa kusoma. Shule za Jumapili za makanisa yao ziliwafundisha watoto na watu wazima kusoma Biblia kwa Kiwelisi, na wengi waliisoma kwa ufasaha. Jane hakukosa elimu. Serikali iliyomchukua mtoto wake ndiyo iliyokosa adabu ya kusema naye kwa lugha aijuayo.

Sasa ziwekeni sehemu hizo mbili pamoja. Katika ile ya kwanza lugha ya shule inamheshimu mtoto mmoja, na mama haelewi. Katika ile ya pili lugha hiyo hiyo inamtangazia kifo cha mtoto mwingine, na mama haelewi. Nyumba hii ina watoto waliosomeshwa Kiingereza kwa jasho la wote, na siku Kiingereza kilipobisha hodi hapakuwa na mmoja wao wa kumfungulia mama. Hiyo ndiyo dhamira kuu ya riwaya, nayo imetolewa bila hotuba hata moja.

Kwa upande wa fani, lugha ya Kate Roberts ni ya sentensi fupi zisizo na mapambo, lugha ya watu waliozoea kutotumia kitu bila sababu. Hapa yanipasa kuungama jambo. Mimi niliisoma riwaya hii kwa tafsiri ya Kiingereza, ile iliyotoka 1977, kwa kuwa Kiwelisi sikijui. Nimeifahamu habari ya Jane kwa lugha ambayo yeye mwenyewe hakuifahamu. Kwa hiyo siwezi kusema lolote juu ya ladha ya maneno yake ya asili, nami nawaonya wasomaji wenzangu wasidhani kwamba kukisoma kitabu hiki kwa tafsiri ni sawa na kuingia nyumbani Ffridd Felen. Ni kusimama dukani na kusomewa.

Dosari nazo zipo. Riwaya ni fupi, na miaka yake ni zaidi ya thelathini. Kwa hiyo nusu ya pili inakimbia, na baadhi ya watoto wanakuwa majina zaidi ya watu. Kubwa zaidi, mwandishi anatueleza machache mno juu ya yale Owen aliyoyapata darasani. Je, hakuna siku hata moja alipofungua kitabu moyo wake ukaruka? Kate Roberts mwenyewe alipita njia ile, akaipenda elimu maisha yake yote. Lakini furaha hiyo ameibana, labda kwa kuwa aliiona kama deni asiloweza kulilipa. Katika jambo hili Emlyn Williams amemshinda. Msomaji akitaka kujua kwa nini wazazi walikubali kulipa bei kubwa namna ile, asome tamthilia. Akitaka kujua bei yenyewe ilikuwa kiasi gani, asome riwaya.

Walakini katika kuzipima mbili hizi, mizani yaelemea riwaya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Kate Roberts alikilalia. Mwisho wa kitabu chake Owen anakaa usiku akiwaza habari za watu wake, na anatambua kwamba ushujaa wao wote umekuwa ushujaa wa kuvumilia. Kwamba ingewezekana kutenda jambo badala ya kuteseka kama mabubu. Elimu ya shule haikumfundisha hilo. Amelijua kwa sababu ya barua ile. Lakini bila shule asingekuwa na njia ya kuliwaza kwa namna anavyoliwaza. Mwandishi anamwacha katika hali hiyo, hamwamulii, na uaminifu huo ndio unaoifanya riwaya idumu.

Nasi tusimame wapi?

Msomaji wa Afrika Mashariki hatakosa kutikisa kichwa anapofika kwenye habari ya ubao wa shingoni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o, katika Decolonising the Mind cha mwaka 1986, ameeleza jinsi katika shule za Kenya ya kikoloni kifungo kilivyopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto ili kumnasa asemaye lugha ya mama yake. Adhabu ile ile ya Welisi ilionekana Kenya, na hili si jambo la kubahatisha sana, maana dola iliyozitawala shule hizo ilikuwa moja. Ni rahisi basi kuisoma riwaya hii na kusema: sisi ni Jane, wao ni ukumbi ule.

Lakini, ndugu walimu wa Kiswahili wa nchi hii ya Uganda, tuwe waangalifu. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili hapa kwetu, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hiyo ni furaha ya chama chetu, nami ni mmoja wa walioipigania. Hata hivyo, kwa watoto wetu walio wengi Kiswahili si lugha ya mama. Ni lugha ya shule. Twaweza kuwa wapigania uhuru wa lugha ya Kiafrika na wakati huo huo tukawa ule ukumbi.

Nitatoa ushahidi juu yangu mwenyewe. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, tuliandaa siku ya Kiswahili. Msichana mmoja alighani shairi alilolitunga mwenyewe juu ya baba yake, na watu wakashangilia. Baba alikuwapo, amevaa koti lake la kanisani, ameketi safu ya nyuma. Sherehe ilipokwisha alinijia langoni, akanisalimu kwa heshima zote, akaniambia kwa Kinyankole: “Mwalimu, nimeona mnapiga makofi. Mtoto wangu amesema nini?” Nilikuwa nimefundisha vina na mizani kwa muhula mzima. Nilikuwa nimesahihisha kila silabi ya shairi lile. Wala haikunipitia akilini kwamba yule aliyesifiwa alikuwa hawezi kulifahamu.

Siku hiyo ndipo nilipoielewa ile sherehe ya Owen. Wenye ukumbi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakimtunza mtoto. Walifanya kazi yao vizuri, kama mimi nilivyofanya yangu.

Welisi yenyewe imejifunza kwa kuchelewa. Shule ya kwanza ya sekondari iliyofundisha kwa Kiwelisi ilifunguliwa 1956, na baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1988 lugha hiyo ikawa somo la lazima shuleni. Lakini sensa ya 2021 ilionyesha kwamba wasemaji wake hawafiki mtu mmoja katika watano, ilhali mwaka 1901 walikuwa karibu nusu ya nchi. Siyo shule peke yake iliyosababisha hayo. Viwanda, uhamiaji na vita vilikuwa na sehemu yao. Hata hivyo yaliyoachwa langoni kwa vizazi vitatu hayaokotwi kwa kizazi kimoja.

Napendekeza basi kwamba kazi hizi mbili zisomwe na walimu wetu, na kama inawezekana zisomwe pamoja, tamthilia kwanza na riwaya baadaye. Anayeanza na riwaya huenda akaichukia shule. Anayeishia kwenye tamthilia huenda akajipenda kupita kiasi. Napendekeza pia jambo dogo lisilohitaji fedha wala idhini ya wizara. Mwakani tutakapofungua daftari, tupige mstari mmoja zaidi, na juu ya safu hiyo tuandike: lugha ya nyumbani. Na siku ya zawadi pawe na mtu mmoja, hata akiwa mwanafunzi wa kidato cha pili, wa kusimama mbele na kuwaeleza wazazi kwa lugha hiyo kinachosemwa.

Ama yule baba, sikumjibu mimi. Binti yake alikuja mbio kutoka darasani, akamshika mkono, akamweleza shairi lake ubeti kwa ubeti kwa Kinyankole, pale pale langoni, huku wenzake wakipita. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba ubeti wa tatu si kweli, maana ng’ombe yule hakuuzwa kwa ajili ya karo yake, aliuzwa kwa ajili ya karo ya kaka yake, akamtaka aurekebishe.